Kurasa Safi za Lois

Kila siku saa tisa na nusu alasiri basi la shule lilimshusha Lois karibu na duka moja la vitambaa katika mtaa wa Karama, kwenye jiji la Waarabu ambako wazazi wake walifanya kazi, naye akavuka barabara hadi ukumbi wa mazoezi uliokuwa nyuma ya maegesho ya magari. Mlangoni alivua viatu, akavipanga sawasawa, kisha akainama kidogo kuusalimu ukumbi. Ndiyo, ukumbi wenyewe ulisalimiwa, hata kama ndani hamkuwa na mtu. Siku ya kwanza alipoambiwa afanye hivyo Lois alicheka. Kocha Nagahama alimtazama tu, na kicheko kikaisha chenyewe.

Kocha Nagahama alitoka Japani. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini hivi, nywele zake amezikata hadi masikioni, na alichechemea kidogo mguu wa kushoto hasa pale kiyoyozi kilipowashwa sana. Zamani, akiwa msichana, alikuwa bingwa wa jimnastiki wa nchi yake miaka miwili mfululizo. Katika jimnastiki mchezaji huruka, hupinduka hewani, husimama kwa mikono na kutembea juu ya boriti ambayo upana wake ni kama kiganja cha mtu mzima. Ofisini kwake ilining'inia picha moja tu ya siku hizo: msichana mwembamba, medali shingoni, uso ameukunja.

"Kashinda, mbona kanuna?" Ummi alipenda kuuliza. Ummi alikuwa rafiki wa Lois, mtoto wa familia ya Kizanzibari iliyoishi mtaa wa Al Baraha tangu enzi za babu yake. Hakuna mtoto aliyethubutu kumwuliza Kocha mwenyewe.

Lois alikuwa na miaka kumi na miwili. Mama yake, Teresiah, alikuwa mfanyakazi wa usafi hapo ukumbini, na hivyo ndivyo mambo yalivyoanza. Miaka mitatu nyuma Kocha alimkuta Lois kwenye korido akitembea kwa mikono huku akimsubiri mama yake amalize kazi. Kesho yake akamwita ndani pamoja na wengine, na tangu hapo hakumdai Teresiah chochote. Alichodai ni nidhamu. Kila mazoezi yalipokwisha, watoto wote walipiga magoti na kuifuta sakafu kwa vitambaa vibichi, kuanzia ukuta huu hadi ule. Teresiah alisimama pembeni na fagio lake, akishangaa watoto wenye madereva wakimsaidia kazi bure.

Jambo moja Kocha hakulifanyia mzaha hata kidogo: daftari la mwili. Kila mtoto alikuwa na lake. Kila ukurasa ulikuwa na mchoro wa mtu, mbele na nyuma, na chini yake mistari mitatu. Uliandika umelala saa ngapi, umekula nini, na kama kuna mahali panauma uliweka nukta nyekundu juu ya mchoro na namba pembeni, kuanzia moja hadi kumi. Kabla ya kukanyaga godoro la mazoezi ulimpa Kocha daftari kwa mikono miwili. Yeye alisoma, akapiga muhuri wake mdogo mwekundu, akasema "Yalla," neno la Kiarabu alilolipenda, yaani haya twende, na hapo ndipo mazoezi yalipoanza.

Baba yake Lois, Gibson, alipolifungua daftari hilo siku moja mwishoni mwa mwaka 2012 alicheka sana. Alikuwa msimamizi wa walinzi kwenye ghala moja kule Jebel Ali, na kazini kwao pia kulikuwa na kitabu. Kila saa mlinzi aliandika hali ya lango lake.

"Na huwa mnaandika nini?" Lois aliuliza.

"Hali shwari," alisema Gibson. "Saa mbili, hali shwari. Saa tatu, hali shwari. Ukiandika kitu kingine, bosi anakuja na maswali mpaka jua linatua. Mlinzi mwerevu anaandika shwari na anakaa kwa amani."

Teresiah naye alikuwapo, na wote watatu walicheka. Maneno hayo Lois aliyaweka kichwani bila kujua kwamba siku moja angeyatumia.

Ijumaa moja mwezi wa pili, mwaka 2013, baada ya chakula cha mchana, Teresiah hakuondoa sahani mezani. Familia yao ilipanga chumba kimoja katika fleti ambayo vyumba vingine viwili vilikuwa na watu wengine, kwa hiyo mambo mazito yalisemwa kwa sauti ya chini.

"Lois, mama," Teresiah alianza, "kampuni ya baba yako imeacha kulipia watoto shule. Tumejaribu kila njia. Shule zikifungwa mwezi wa sita, utaenda Eldoret kwa shangazi yako, usome huko."

"Na nyinyi?"

"Sisi tutabaki na kazi. Tutakuja likizo, Mungu akitujalia."

Likizo ya baba yake ilikuwa kila baada ya miaka miwili. Lois alimpenda shangazi yake na hakuichukia Eldoret, lakini alihesabu haraka. Miaka miwili bila mama. Angekuwa na miaka kumi na minne watakapoonana. Aliomba ruhusa kwenda kunawa mikono, akakaa bafuni hadi jirani alipogonga mlango.

Wiki mbili baadaye Kocha aliwakusanya watoto na kuwapa habari. Shule moja mjini ilitaka kuunda timu ya jimnastiki, na ingempokea msichana mmoja kutoka ukumbi huo asome bila karo hadi amalize. Mwalimu wa shule hiyo angekuja kuwapima Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nne. Kocha aliongea Kiingereza kifupi kifupi, na alipomaliza alimtazama Lois kwa muda mrefu kidogo kuliko alivyowatazama wengine. Lois alielewa. Usiku huo mama yake alimkumbatia hadi akashindwa kupumua vizuri, na hakuna aliyetaja Eldoret tena.

Maumivu yalianza wiki iliyofuata. Yalikuwa kwenye kifundo cha mkono wa kulia, upande wa kidole gumba, kila aliposimama kwa mikono. Mwanzoni yalikuja na kuondoka. Siku ya tatu hayakuondoka. Lois alikaa kwenye ngazi za ukumbi na daftari lake mapajani, kalamu nyekundu mkononi, akatafakari. Akiweka nukta, Kocha atamzuia. Akizuiwa hatajifunza kupinduka juu ya boriti, na bila hilo nafasi itakwenda kwa mwingine. Ataagwa uwanja wa ndege akiwa na mfuko wa plastiki wa karatasi za safari shingoni, kama watoto wanaosafiri peke yao. Alikumbuka kitabu cha baba yake. Akaandika saa alizolala, akaandika wali na maharagwe, akauacha mchoro safi.

Kocha alisoma. Mkono wake ulisita kidogo juu ya karatasi, au pengine Lois alidhani tu. Kisha muhuri ukagonga. "Yalla."

Uongo wa kwanza ulikuwa mgumu. Wa tano ulikuwa rahisi, na ilipofika wa kumi na tano aliuandika huku akipiga soga na wenzake. Mkono nao uliendelea na mambo yake. Alishindwa kufungua bomba kwa mkono wa kulia, akatumia wa kushoto. Alishindwa kukamua kitambaa cha kufutia sakafu, akakiacha kinachuruzika na kujifanya mzembe. Alianza kuchukua vidonge vya kutuliza maumivu kwenye kopo la mama yake, kimoja kabla ya mazoezi, baadaye viwili. Teresiah alidhani anavimaliza mwenyewe kwa sababu ya mgongo wake, akanunua vingine.

Ummi ndiye aliyegundua. Walikuwa chumba cha kubadilishia nguo, Lois akijaribu kufunga kamba za viatu kwa mkono mmoja.

"Hebu nipe mkono huo niuone," Ummi alisema, na kabla hajakataliwa alikwisha kuushika. Lois alitoa sauti iliyowashtua wote wawili. "Lois, huu umevimba. Mwambie Kocha."

"Nikimwambia naenda Eldoret."

"Eldoret ndiko wapi hata ukatishike hivyo?"

"Ni mbali na mama yangu," alisema Lois, na machozi yakamtoka hapo hapo. "Ummi, nakuomba. Imebaki wiki mbili tu. Nikishapata nafasi nitasema kila kitu. Usiniharibie."

Ummi aliuachia mkono taratibu. Yeye alikuwa na mama, bibi na shangazi watatu nyumba moja, na hakuweza kumfikiria mtu asiye na hata mmoja. "Haya," alisema mwishowe. "Lakini mie sipendi, na ujue sipendi."

Siku tano kabla ya kupimwa, Lois alipanda boriti akiwa amekwisha kumeza vidonge vitatu. Kocha alisimama chini, mikono tayari. Lois alinyoosha mikono juu, akajirusha nyuma, viganja vikagusa mbao. Mkono wa kushoto ulimbeba. Wa kulia ulikunjika kama kitambaa. Hakukumbuka kuanguka, alikumbuka godoro, taa za dari, na sauti ya Ummi ikilia, "Nilijua, nilijua, na sikusema."

Hospitalini daktari aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga. Teresiah alikuwapo akiwa bado na aproni ya kazi. Gibson alifika mbio kutoka Jebel Ali na sare yake ya ulinzi. Kocha alisimama karibu na mlango, mikono mbele.

"Mkono ulianza kuuma lini?" daktari aliuliza.

"Leo," Lois alijibu.

Daktari hakukasirika. Alionyesha kwa kalamu sehemu iliyo karibu na ncha ya mfupa. "Mtoto anaendelea kukua, na mfupa wake hurefuka kutokea hapa. Hapa ni laini bado. Huyu ameumia kwa wiki nyingi, na leo pamevunjika. Mngechelewa zaidi, mkono huu ungeacha kukua, ule mwingine ukaendelea. Nakuuliza tena, ulianza lini?"

Lois aliangalia sakafu. Aliwasikia watu wazima wanne wakisubiri. "Mwezi wa tatu," alisema. "Mwanzoni."

Teresiah aliketi kwenye kiti bila kuangalia kama kipo. "Vidonge vyangu," alisema taratibu. "Ni wewe ulikuwa unakunywa vidonge vyangu." Hakupiga kelele, na Lois angefurahi kama angepiga. Mama yake alianza kulia akiwa amejifunika uso kwa aproni iliyonuka sabuni ya sakafu, na Lois akahisi kwamba katika maisha yake yote hajafanya jambo baya kuliko hilo.

"Sikutaka kuondoka," alisema. "Nilitaka kubaki na wewe."

Walipomaliza kumfunga plasta, Kocha aliomba daftari la mwili. Lilikuwa ndani ya begi. Alilipokea kwa mikono miwili, akaketi pembeni ya kitanda, akafungua ukurasa mmoja baada ya mwingine, mchoro safi, muhuri mwekundu, mchoro safi, muhuri mwekundu. Alihesabu kwa Kijapani kwa sauti ndogo.

"Thelathini na nane," alisema. Kisha akatoa kwenye mkoba wake daftari jingine, la zamani, jalada lake limefifia. Ndani yake kila ukurasa ulikuwa na duara moja lililochorwa kwa penseli.

"Kwetu duara maana yake ni vizuri," alisema. "Hili ni langu. Baba yangu alitengeneza baiskeli katika mji mdogo. Nilipofika miaka kumi na moja nilipelekwa kuishi nyumbani kwa kocha wangu, mbali na mama yangu. Nilikuwa bingwa nikiwa na miaka kumi na saba, tena kumi na minane. Siku ya picha ile, kifundo cha mguu kilikuwa kinauma tayari. Ndiyo maana sicheki."

Lois alimtazama. Hakuwahi kumsikia akisema maneno mengi namna hiyo.

"Kila siku niliandika duara. Niliogopa kurudishwa nyumbani kwa aibu. Tulikwenda kushindana nchi za nje, wasichana sita. Nikaruka, nikatua, mguu ukavunjika mbele ya watu wote. Wenzangu watano walikosa medali kwa sababu yangu, maana hakuna aliyewaambia wajiandae bila mimi. Nilipasuliwa mara mbili. Sikushindana tena. Miaka miwili niliuza mikate. Halafu nikafundisha watoto wa shule, na miaka mingi baadaye nikaja hapa."

Alifunga daftari la zamani.

"Kocha wangu alipiga muhuri kila duara. Alijua. Mchezaji asiyeumwa popote siku thelathini hayupo duniani. Alijua akanyamaza, kwa sababu alitaka medali. Nikaapa kwamba mimi sitakuwa hivyo." Alilipapasa jalada lililofifia. "Lois, nilipoona ukurasa wako safi mara ya kumi, na mimi nilijua. Nilitaka upate nafasi. Nikapiga muhuri. Nisamehe."

Kisha akasimama, akawageukia Gibson na Teresiah, akainama hadi kichwa chake kikawa chini ya kiuno. Alibaki hivyo kwa muda mrefu. Teresiah, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akimwita madam, hakujua afanye nini. Mwishowe alimshika mabega akamwinua.

Gibson alikuwa amesimama mguuni pa kitanda. Sasa aliivua kofia yake ya kazi, akaikunja mkononi. "Kocha, usibebe peke yako," alisema. "Huyu mtoto alifunzwa na mimi. Mimi ndiye nilimwambia mlinzi mwerevu anaandika shwari." Alimgeukia Lois. "Unamkumbuka Lukman, yule Mganda aliyekuwa anakuletea ndizi za kukaanga?"

"Si alirudi kwao Masaka?"

"Alirudishwa. Mwaka jana mwezi wa nane alikuwa lango la pili, kwenye jua. Kichwa kilimuuma tangu asubuhi, hakusema, aliogopa bosi. Saa nane ameandika mwenyewe hali shwari. Saa nane na nusu tukamkuta chini. Alipona, lakini si yule Lukman tena, hata majina yetu anayasahau. Na kitabu mpaka leo kinasema shwari." Gibson alijifuta uso kwa kofia. "Niliona hayo kwa macho yangu, na bado nilirudi nyumbani nikakuchekesha nayo."

Jioni hiyo hiyo Kocha aliipigia simu shule. Hakuficha chochote. Alisema msichana wake ameumia, kwamba msichana alidanganya na kocha akamruhusu. Aliomba apimwe baadaye. Mwalimu wa shule, Madam Justine, alisema atawapima wengine kama ilivyopangwa, na asipompata anayemfaa atarudi mwezi wa sita. Hakuahidi zaidi ya hapo.

Wiki sita za plasta zilikuwa ndefu. Madam Justine alikuja Jumamosi ile, akapima wasichana wanne, akaondoka bila kumchagua yeyote, na Lois aliona aibu kwa jinsi alivyofurahi. Nyumbani, Teresiah alinunua sanduku la safari, la rangi ya buluu, akalisimamisha nyuma ya mlango. Hakusema ni la nani. Kila Lois alipofunga mlango alilikuta hapo. Shangazi alipiga simu kusema amepata nafasi kwenye shule ya karibu na kwake, na Lois akamshukuru kwa sauti aliyoilazimisha iwe ya furaha.

Hata hivyo kila alasiri alikwenda ukumbini, akavua viatu, akainama. Alifanya mazoezi ya miguu na tumbo, alitembea juu ya boriti mkono ukiwa umefungwa kifuani, na wenzake walipofuta sakafu alifuta kwa mkono mmoja. Kwenye daftari aliweka nukta. Sita. Sita. Tano. Siku moja aliweka nukta kifuani pia, akaandika saba, na Kocha alipouliza alisema, "Hapa ni kwa sababu ya sanduku." Kocha alifikiri kidogo, akapiga muhuri.

Plasta ilitolewa mwanzoni mwa mwezi wa sita. Mkono ulitoka mwembamba na wenye magamba. Daktari aliandika barua kwamba anaweza kuegemea mikono kwa muda mfupi, mradi aache mara tu maumivu yanapoanza. Tarehe ishirini na mbili, Jumamosi, Madam Justine alirudi. Alikuwa mama wa Kiganda, mrefu, asiye na maneno mengi. Aliketi na faili lake. Ndege ya Lois ilikuwa ya tarehe ishirini na tisa.

Lois alianza na boriti. Alitembea, aliruka, aligeuka kwa mguu mmoja, na hakuyumba hata mara moja, kwa sababu kwa wiki sita hakuwa na kazi nyingine ila miguu. Kalamu ya Madam Justine iliandika na kuandika. Teresiah aliyekuwa mlangoni alikuwa ameshika fagio bila kufagia.

"Vizuri," alisema Madam Justine. "Sasa chini kwenye godoro. Simama kwa mikono, kisha pinduka mbele. Mara moja tu inatosha."

Lois alimtazama Kocha. Kocha alimtazama pia, na uso wake haukumwambia fanya wala usifanye. Lois aliweka viganja chini, akainua miguu. Alisimama wima. Moja, mbili. Hapo yakaja, pale pale pa zamani, upande wa kidole gumba. Hayakuwa makali. Aliwahi kuvumilia makali zaidi kwa wiki nzima. Ingekuwa kazi ya kufumba na kufumbua: kupinduka, kutua, kutabasamu, na sanduku la buluu lirudishwe dukani. Alimwona mama yake mlangoni, kichwa chini miguu juu.

Akashusha miguu. Akasimama, akainua mkono wa kulia.

"Kocha, unauma," alisema. "Nne."

"Khalas," alisema Kocha papo hapo. "Imetosha."

Madam Justine aliandika mstari mmoja, akafunga faili, akaaga, akaondoka. Lois aliomba kitambaa cha kufutia sakafu ili apate mahali pa kuinamisha uso. Ummi alipiga magoti kando yake, wakafuta pamoja kutoka ukuta huu hadi ule.

Siku nne zilipita bila simu. Siku ya tano jioni, sanduku likiwa wazi kitandani na nusu ya nguo zimeshaingia, mlango wa fleti uligongwa. Alikuwa Kocha Nagahama. Hakuwahi kufika kwao. Alivua viatu kwenye korido katikati ya ndala za majirani, akavipanga, akaingia, akakataa kiti. Alimpa Teresiah bahasha kwa mikono miwili.

Teresiah alisoma Kiingereza polepole, kidole kikifuata mstari. Alipofika mwisho alirudia mwanzo. Kisha akaketi kitandani juu ya nguo zilizokunjwa.

"Wamekuchukua," alisema. "Lois, wamekuchukua."

"Lakini sikumaliza," alisema Lois. "Sikupinduka."

"Nilimwuliza Madam Justine," alisema Kocha. "Aliniambia kwamba kupinduka atakufundisha mkono ukipona. Miguu yako ni mizuri. Na kwenye timu aliyofundisha kwingine aliwapoteza wasichana wawili walioficha maumivu. Anataka anayesema nne kabla haijawa kumi. Mkono hautaguswa hadi daktari aseme, ameandika hapo." Alimsogelea hatua moja. "Lois, mimi nilishinda mara mbili na sikusema ukweli. Wewe Jumamosi hukumaliza, na ulisema. Nimefundisha watoto wengi. Siku hiyo ndiyo nimejivunia kazi yangu."

Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu Lois amjue, Kocha Nagahama alitabasamu, meno yote nje, na ikaonekana ana mwanya.

Gibson alirudi kutoka zamu akawakuta wanakunywa chai ya maziwa, Kocha amekaa sakafuni. Alisoma barua akiwa amesimama. Alimnyanyua Lois kwa upande wa kushoto ili asiuguse mkono, akazunguka naye chumba kizima, chumba chenyewe kikiwa cha hatua nne. Kisha akatoa simu yake.

"Na mimi nina ukurasa wangu," alisema. "Niliupiga picha leo."

Ilikuwa picha ya kitabu cha ulinzi. Kwa mwandiko wake mwenyewe palikuwa pameandikwa: Saa nane mchana. Joto limezidi. Mlinzi wa lango la pili ana kizunguzungu. Ameingizwa ndani apumzike, lango nimeshika mimi.

"Bosi alisemaje?" Lois aliuliza.

"Alikuja na maswali yake, kama kawaida. Akakasirika sana. Baadaye akaleta maji na mwavuli wa lango la pili." Gibson aliweka simu mezani. "Sikia, mwanangu. Hivi vitabu wanatupa ili mtu akiumia asaidiwe. Ukiandika uongo humo, unakuwa umewafukuza watu waliotaka kukusaidia, halafu unabaki na maumivu yako peke yako. Maswali ya bosi yanaisha. Shida ya Lukman haijaisha. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Baba."

Teresiah alikuwa ameanza kutoa nguo kwenye sanduku, moja moja, akizirudisha kabatini. Lois alichukua daftari lake, akaandika saa alizolala, akaandika chai na mandazi. Aliweka nukta moja kwenye kifundo cha mkono, namba tatu. Alitazama kifua cha mchoro kwa muda, akakiacha bila nukta, kwa sababu hapakuuma tena. Akamkabidhi Kocha kwa mikono miwili, na Kocha akatafuta muhuri wake ndani ya mkoba.